Tupeane uzoefu: Kuvuka kwenda Ulaya na gari la Motability

Binti Tanga (Leicester)
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Natumia kiti cha magurudumu na naendesha kwa mikono, gari la Motability, lile tunalokodishiwa kwa kukatwa posho ya usafiri ya PIP (malipo ya serikali kwa wenye ulemavu). Kiangazi nina harusi Brussels, mtoto wa mama mdogo anaolewa, nami nimeapa kufika kwa gari langu. Humu Uingereza naenda popote, bahari ndiyo sijavuka. Waliokwisha kwenda, semeni. Hoteli nitajitafutia, nataka ya gari na ya mwili.

Mzee Kipara (Manchester)
Marahaba mwanangu. Anza na karatasi, tena leo. Gari si lako, kadi ya gari anakaa nayo mwenye mali. Polisi wa Ufaransa akikusimamisha atataka kujua umepata wapi ruhusa ya kulitoa nchini. Karatasi inayosimama badala ya kadi inaitwa VE103, unaiombea huko huko Motability, na muda wake hauzidi mwaka. Imeandikwa namba ya gari, kwa hiyo ukibadilishiwa gari kabla ya safari, ile haina kazi tena. Beba karatasi yenyewe, ya kwenye simu usiitegemee.

Anayekusaidia kuendesha naye awe kwenye bima kwa jina. Halafu kuna wale wanaonogewa na ndugu wakasahau kurudi: PIP inaendelea ukiwa nje hadi wiki 13, na pasipoti ya Uingereza inakupa siku 90 tu katika kila siku 180 ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja. Kama bado una pasipoti ya nyumbani, viza kwanza, hayo mengine baadaye.

Mama Wawili (Coventry)
Mimi nitasema ya feri maana ndiyo iliyonitoa machozi. Kampuni siitaji. Nilishawaambia wakati wa kukata tiketi kwamba niko kwenye kiti, lakini siku yenyewe nikapangwa katikati ya magari, mlango haufunguki hata nusu. Kiti kitatokea wapi? Na kubaki ndani ya gari hairuhusiwi, meli ikiondoka lazima wote mpande juu. Ilibidi wamtafute mwenye gari la pembeni alisogeze, na foleni nzima nyuma inapiga honi.

Safari ya kurudi niliwasha hazadi (zile taa za dharura) mapema, na kila mwenye kizibao cha njano nilimwambia maneno yale yale: niweke karibu na lifti, upande wa dereva uachwe wazi. Nikapangwa vizuri.

Siku hizi napita chini ya bahari kwa treni ya kubeba magari, Folkestone hadi Calais, dakika 35, umekaa kwenye gari lako hakuna wa kukusumbua. Ila choo kimalize kwenye jengo la abiria kabla ya kupanda. Mle ndani ya behewa si pa kuhangaika na kiti.

Papa wa Bukavu (Leeds)
Mimi mguu wa kuume haufanye kazi, pedali ya mafuta wameniwekea kushoto. Bruxelles naenda sana, ndugu zangu wengi wako kule. Dada, toka Calais pita Dunkerque, njia ile hawalipishe mpaka unafika. Ukielekea Paris kwa A26 ndipo utalipa, na dirisha la kulipia liko kushoto, wewe usukani wako kuume. Kama uko peke yako utafikaje? Agiza mapema kile kidude cha kubandika kwenye kioo, kizuizi kinajifungua.

Bruxelles wana sheria ya moshi wa magari, gari ya kigeni inaandikishwa kwenye mtandao kabla ya kuingia. Ni bure, lakini kamera hazicheki na mtu. Na ile beji ya bluu ya maegesho ya walemavu, toka Brexit usiweke moyo kwamba kila nchi inaikubali. Mwambie mwenye harusi aulize komini yao, ile serikali ya mtaa.

Kijana wa Kisauni (Bristol)
Hakuna aliyegusa hili: gari likigoma njiani? RAC, wale waokoaji wa magari yaliyoharibika, tunao kwenye mkataba, sawa, lakini gari la kuazimwa Ufaransa halitakuwa na breki na mafuta ya mkononi. Piga simu kabla ya kuondoka, uwaulize wazi watakurudisha vipi wewe na kiti chako, na jibu uliandike. Mimi pia humpelekea gari fundi aliyenifungia ule wenzo wa mkononi akaze nati zote.

Vitu vya gari: stika ya UK (ya GB haifai tangu 2021), vibandiko vya taa zisiwapige wenzako machoni, pembetatu, na vizibao vya riflekta. Kizibao kikae unapokifikia ukiwa umeketi, si kwenye buti. Nyuma ya leseni yako kuna namba za vilivyobadilishwa kwenye gari, mfano 20 ni ya breki, 25 ya mafuta na 40 ya usukani. Polisi wa huko wanazisoma bila kuuliza.

Binti Tanga
Mmenipa kazi ya wiki nzima, asanteni sana. Kizibao kilikuwa kwenye buti kweli. Mama Wawili, nikiamua feri, hazadi naiwasha wapi, getini au kwenye foleni ya kupakia?

Mama Wawili
Getini kabisa. Na ukishapangwa izime, usije ukafika Calais betri imekufa.