Kundi la usomaji mtandaoni: akina dada, wazee na viziwi wananyamaza. Turekebishe nini?

Mratibu_Temeke

Habari wakuu. Tuna kundi la WhatsApp la usomaji wa vitabu, watu kama 200, wengi wa hapa Dar: Mbagala, Tabata, Tegeta, Kigamboni. Kila Jumatano saa mbili usiku tunakutana Zoom kujadili sura mbili tatu. Wanaochangia ni wale wale, vijana wa kiume. Wapo viziwi wanne, mmoja asiyeona, wazee kadhaa, na karibu nusu ya kundi ni akina dada, lakini huwasikii. Wengine wanatoka kimya kimya.

Sheria tunazo, ukurasa mzima: "tuheshimiane", "matusi marufuku", "hakuna siasa wala dini". Hazisaidii. Utani wa makabila na wa Simba na Yanga ukishaanza, mjadala wa kitabu umekufa. Kuna wanaotaka tufunge kundi, admini pekee ndio waandike. Nataka mambo ya kufanya, siyo mawaidha. Naomba kuwasilisha.

---

Binti_wa_Ilala

Mkuu, kabla ya kurekebisha chochote, waulize walioondoka. WhatsApp inaonyesha waliotoka ndani ya siku 60 zilizopita: gusa jina la kundi, shuka chini kwenye orodha ya wanachama, utawaona. Awaandikie admini mwanamke, swali moja tu: "Ni kitu gani kilikufanya utoke?" Asiwabembeleze warudi. Mtu akibembelezwa atakwambia "nilikuwa na shughuli nyingi" na hutajua lolote.

Nabashiri jibu litakuwa inboksi. Ndani ya kundi namba ya kila mtu inaonekana. Dada akichangia hoja moja nzuri, usiku huo huo anapata "mambo mrembo" kutoka kwa watu wanne asiowajua. Mara ya pili hachangii. Ninyi mnaona kimya, hamwoni sababu.

Kuhusu sheria zenu: "tuheshimiane" haishikiki, kwa sababu hata anayetukana anaamini anaheshimu. Andika kitendo ambacho mtu yeyote anaweza kukiona kimefanyika au hakijafanyika. Kwa mfano:

– Usimwandikie mwanachama faraghani kabla hajakukubalia hapa hapa kundini.
– Usipeleke nje ya kundi picha ya skrini yenye jina au namba ya mtu.
– Unapopinga hoja, usiguse mwili, kabila, dini, ndoa wala ulemavu wa mwenye hoja.

Ongeza moja au mbili zenu, basi. Zikizidi tano hakuna anayezikumbuka. Ziweke kwenye maelezo ya kundi, maana ujumbe wa kawaida unazama. Chini yake andika majina ya admini wawili wa kupokea malalamiko, na angalau mmoja awe mwanamke. Washa pia kipengele cha admini kuidhinisha wanaoingia, na ile linki ya zamani iliyozagaa kwenye makundi mengine ibadilisheni leo.

---

Kijiwe_Makini

Naongezea hapo kwenye adhabu, maana sheria bila utaratibu ni karatasi.

Ujumbe mbaya ukitokea, kwanza piga picha ya skrini inayoonyesha jina, namba, tarehe na saa. Ndipo ufute. Wengi wanafuta kwanza, halafu kesho mhusika anakana na hamna cha kumwonyesha. Admini akifuta ujumbe wa mtu, kundi zima linaona umefutwa na admini, kwa hiyo weka sentensi moja: "Nimeondoa ujumbe kwa kanuni ya tatu, tuendelee na sura ya nne." Usifungue mjadala juu ya mjadala.

Kisha mfuate mhusika faraghani, umtajie kanuni na maneno yake mwenyewe. Akirudia, atolewe kwa siku 30, na uamuzi uwe wa admini wawili. Admini ambaye ni rafiki au ndugu wa mhusika akae pembeni. Vitisho, au kumwandama mtu baada ya kukatazwa, hayo hayasubiri onyo la pili. Huyo anatolewa hapo hapo, na aliyeandamwa apewe ule ushahidi ili aamue mwenyewe kama anakwenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Akikosea mzee, msimtume kijana wa miaka 22 kumkosoa mbele ya watu. Hata kama kijana ana haki, kundi zima litageukia "vijana wa siku hizi hawana adabu" na kosa litasahaulika. Atafutwe mtu wa rika lake, ampigie simu, shikamoo au salamu yake inayostahili itangulie, kisha kanuni ile ile na matokeo yale yale. Umri unabadilisha mjumbe, haubadilishi adhabu.

Sasa utani. Msiufute, mtaonekana wageni nchini. Ila utani una wenyewe. Mzaramo na Mnyamwezi wakirushiana maneno msibani, kila mmoja anajua mpaka uko wapi, na waliopo wanajua nani mtani wa nani. Kwenye kundi la watu 200 hakuna anayejua, sura haionekani, na mtu wa kabila la tatu anadakia kama kwamba naye ana haki hiyo. Hapo ndipo unageuka dharau. Kanuni inayofanya kazi: utani ni wa wawili waliokubaliana, wa tatu haingii, hauendi kwenye mwili wala kwa mke au mume wa mtu, na aliyetaniwa akisema basi, ni basi, haulizwi "mbona umekasirika". Simba na Yanga wafungulieni kundi lao la pembeni. Nawaambia mapema, litakuwa na watu wengi kuliko la vitabu.

---

Mkalimani_LAT

Viziwi wanne kwenye Zoom bila mkalimani ni kuwaalika watazame midomo ikichezacheza. Kikao kikizidi saa moja tafuteni wakalimani wawili wa Lugha ya Alama ya Tanzania, wapokezane kila dakika 20 hadi 30. Akibaki mmoja peke yake, mikono na akili vinachoka, naye anaanza kuruka maneno. CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, wanaweza kuwaelekeza pa kuwapata. Walipwe, na bando liwe juu yenu. Siku mbili kabla watumieni sura mtakayosoma na majina ya wahusika, vinginevyo kila jina litaandikwa herufi kwa herufi na watazamaji wataachwa nyuma.

Siku yenyewe, mwendesha kikao ambandike mkalimani aonekane mbele kwa wote. Msishirikishe skrini bila sababu: kwenye simu, picha ya mkalimani inabaki ndogo kama stempu. Mwanga utoke mbele yake, siyo dirishani nyuma.

Kila anayeongea aanze na jina: "Hapa Neema." Linamsaidia mkalimani na linamsaidia asiyeona kwa pamoja. Mtu mmoja kwa wakati. Na punguzeni gumzo la maandishi wakati mtu anaongea, kwa sababu simu ya asiyeona inamsomea kila ujumbe juu ya sauti ya msemaji. Mmoja wenu akusanye maswali yaliyoandikwa, ayasome kwa sauti kila baada ya dakika kumi hivi.

Kwenye WhatsApp, tangazo lililo ndani ya picha halisomeki na programu ya kusoma skrini. Andikeni maneno yale yale chini ya picha. Emoji kumi mfululizo zinasomwa moja moja hadi mwisho, ni adha. Na ujumbe wa sauti usizidi dakika moja, uambatane na mistari miwili ya maandishi kwa ajili ya viziwi. Hata waliomo kwenye daladala watashukuru.

---

Mratibu_Temeke

Asanteni sana. Swali la kufunga kundi bado, na saa ya kikao. Halafu Zoom yetu ni ya bure.

---

Binti_wa_Ilala

Msifunge. Kundi la admini pekee ni redio. Tengenezeni jumuiya ya WhatsApp: sehemu ya matangazo ambayo ni ya admini tu, na humo namba za wanachama hazionekani kwa wenzao, kisha kundi la mjadala kwa wanaotaka. Mjadala wa maandishi uachwe wazi saa 24 baada ya Zoom. Asiye na bando, anayeona haya kuongea na kiziwi watapata nafasi yao hapo.

Zoom ya bure inakata kwenye dakika 40 na haikuruhusu kuteua mwendesha mwenza. Kwa hiyo anayefungua kikao asiwe anayeongoza mjadala. Kazi yake iwe chumba cha kusubiri, kuzima vinasa sauti na kumtoa mvurugaji. Azime pia ujumbe wa faragha kati ya washiriki, maana inboksi inahamia huko.

Saa mbili usiku ni saa ya kupakua chakula na kulaza watoto, na wengine bado wako foleni Mbagala. Mwezi wa Ramadhani inagongana na tarawehe. Jumamosi mchana mtawakosa Wasabato, Jumapili asubuhi Wakristo wengine. Jaribuni Jumapili saa kumi na nusu alasiri, swala ya alasiri ikiwa imeshapita. Kisha pigeni kura humo kundini, na matokeo ya akina dada myaangalie peke yake kabla ya kuhesabu jumla, kwa sababu wale vijana wenu watapiga wote na saa mbili usiku itashinda.