Mgombea anataka sauti ya marehemu imnadi. Naombeni ushauri

Mleta uzi: Wadau, hamjambo. Nina miaka 26, nashughulikia mitandao ya mgombea uwakilishi wadi huku Kilifi, tunajiandaa na uchaguzi wa 2027. Mwakilishi wetu wa zamani, mzee aliyependwa sana, alishafariki. Bosi anataka nitengeneze sauti yake kwa akili bandia, iseme "Wanangu, huyu ndiye niliyemwachia kazi," kisha tuisambaze kwenye magrupu ya WhatsApp ya wadi.

Rekodi zake za barazani ninazo. Nilijaribu kipande cha nusu dakika, nikakicheza nyumbani. Shangazi alikuwa anakuna nazi. Akasimama, akaniuliza, "Hii alirekodi lini, kabla hajalazwa?" Nilishindwa kumjibu. Tangu siku hiyo usingizi hauji. Na mshahara huu ndio unaomlipia mdogo wangu karo. Nifanyeje?

Kisiki: Mdogo wangu, kazi ni kazi. India mwaka 2024 walimleta kwenye video mwanasiasa Karunanidhi, aliyekuwa kiongozi wa chama cha DMK, naye alifariki 2018. Indonesia, chama cha Golkar kilimrudisha rais wa zamani Suharto, aliyekufa 2008. Vyama vikubwa vinafanya, wewe ukatae mkate wa nyumbani?

Mama wa Mtwapa: Kaka Kisiki, Karunanidhi aliletwa kwa ajili ya chama chake mwenyewe, akamsifu mwanawe M.K. Stalin, aliyerithi uongozi wa chama, na waliomtazama walijua ameshazikwa. Kilifi nako wanajua mzee amezikwa, ila watadhani ni rekodi ya zamani, kama alivyodhani shangazi. Uongo umejificha hapo.

Disemba 2023 Imran Khan, waziri mkuu wa zamani wa Pakistani, alikuwa jela, chama chake kikatoa hotuba kwa sauti yake iliyotengenezwa. Lakini alikuwa hai, maneno aliyapitisha kwa mawakili, na watu waliambiwa wazi kwamba sauti ni ya akili bandia. Mzee wenu atayapitisha kwa nani?

Mleta uzi: Na tukitangaza mwanzoni kwamba imetengenezwa?

Mvuvi wa Zamani: Dada, mtu mmoja tu akikata zile sekunde za mwanzo, tangazo limekwisha na sauti inaendelea kuzunguka.

Mimi nakuogopea wewe. Januari 2024, New Hampshire kule Marekani, watu walipigiwa simu na sauti ya Biden ya kughushi, ikiwaambia wasipige kura ya mchujo wa chama, waitunze kwa uchaguzi mkuu wa Novemba. Aliyeitengeneza alikuwa mtu wa mazingaombwe, akalipwa dola 150, na jina lake likaenea kote. Aliyemtuma, mshauri wa kisiasa Steve Kramer, alitozwa faini ya dola milioni 6. Huko kwenu nani atauliza mara mbili kompyuta ya kampeni anayo nani?

Mwambie bosi aende kwa familia. Mjane na watoto wakimkubali, waseme kwa sauti zao wenyewe, wewe urekodi. Wakikataa, basi hana baraka za mzee, na sauti ya kutengeneza haitampa. Halafu nijibu hili, kile kipande bosi anacho?

Mleta uzi: Anacho. Nilimtumia siku ileile kumwonyesha inawezekana. Nimempigia sasa hivi nikamwambia siendelei na akifute, amesema tutaongea Jumatatu. Kesho asubuhi mimi na shangazi tunakwenda kwa mjane, aisikie kwangu kabla haijamfikia kwenye simu yake.