Mjadala: Mbegu ya mwatiko itoke Asia, au mama zake watoke bahari hii hii?

Ndugu zangu wa pwani, wafugaji kwa wavuvi,

Kila mabwawa yanapokosa vifaranga hoja hii inafufuka, na safari hii naomba tuijadili mpaka mwisho. Mwatiko ni samaki wa kumshukuru Mungu. Anavumilia chumvi kali ya kiangazi na maji ya masika yasiyo na chumvi, anakula utando wa mwani unaoota chini ya bwawa, hadai chakula cha gharama. Tunachokosa ni mbegu. Sasa wapo wanaosema tuagize vifaranga Indonesia au Ufilipino. Kule Igang, Ufilipino, mwatiko wa kufugwa walitaga wenyewe vizimbani mwaka 1980, na leo vituo vya huko Asia vinatotolesha kwa mamilioni. Basi vije kwa ndege kwenye mifuko ya oksijeni, tuvimwage mabwawani. Mimi napinga. Nitasema kwa nini, na mwenye hoja ya kunijibu ailete.

Nilijifunza kazi hii kwa kuokota vifaranga. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, likitoka, maji yanabaki kwenye vidimbwi ukingoni mwa mikoko; tunakokota chandarua wawili wawili, tunamimina kwenye besheni jeupe. Mara ya kwanza huoni kitu, ni maji tu. Ukitulia unaona vidoti, vitatu vitatu: viwili ni macho, cha tatu ni kibofu cha hewa tumboni. Mwili uliobaki ni kioo. Halafu vinaanza kuzunguka besheni, vyote upande mmoja, kama mahujaji wanaotufu. Kila nikiviona najiuliza vimetoka wapi. Mwatiko hutaga nje, karibu na miamba. Mayai yanaelea, na kifaranga husafiri na maji wiki mbili hadi tatu kabla ya kuingia mikokoni. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na kusi likivuma unazidi kasi. Kifaranga kilichookotwa Tanga huenda mama yake yuko Mafia, au kusini zaidi.

Hapo ndipo wenzangu wananiambia: "Si unaona? Bahari ni moja. Mwatiko wa Manila na wa Mtwara wana tofauti gani?"

Sikatai kwamba samaki wa bahari huchanganyika sana. Wanajenetiki wana kanuni yao: kwenye jeni zisizo na faida wala hasara, hata mgeni mmoja tu anayezaa kila kizazi anatosha kuzuia jamii mbili zisiachane kabisa. Lakini jeni zinazomsaidia samaki kuishi mahali pake haziitii kanuni hiyo. Tazameni heringi, samaki wa bahari za Ulaya. Ukipima jeni zake kwa jumla, heringi wa Atlantiki na wa Bahari ya Baltiki, ambayo maji yake yana chumvi kidogo, utadhani ni ukoo mmoja. Watafiti walipousoma mfuatano mzima wa vinasaba, wakakuta mamia ya sehemu ambazo hawa wawili wanaachana waziwazi. Moja inahusu jicho. Maji ya Baltiki yana mwanga unaoelekea wekundu, na heringi wa huko ana badiliko moja dogo kwenye protini ya kuonea linalomwezesha kuona humo. Badiliko moja, jicho linafaa mahali pake. Nani amekagua jicho la mwatiko wa Rufiji, au figo yake inayopambana na maji ya mto mwezi Aprili?

Halafu tutazame waliotutangulia. Norwei walianza kufuga samoni kwa kuchagua wazazi miaka ya 1970. Samaki wakatoroka vizimbani, wakapanda mitoni, wakazaa na wa porini. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya samoni zaidi ya 20,000 kutoka mito 147, na karibu nusu ya jamii zilizopimwa zilikuwa zimeingiliwa na damu ya wa kufugwa. Ireland wao walifanya jaribio kwenye mto wenyewe, wakalichapisha mwaka 2003. Ukiyapa mafanikio ya samoni wa porini alama 100, tangu yai hadi kurudi kuzaa, wa kufugwa alipata 2. Machotara walikuwa katikati. Na machotara walipozaana wenyewe kwa wenyewe, asilimia 70 ya viinitete vyao vilikufa.

Sipingi kutotolesha. Natamani kila mkoa wa pwani uwe na kituo kama kile cha Beit-el-Ras, Zanzibar. Ninachodai ni samaki wazazi wavuliwe bahari hii hii, wawe wengi, na wabadilishwe. Basi. Uwanja ni wenu.

*Mfugaji wa Mkuranga anajibu:*

Ndugu yangu, shukrani kwa mada, ila umetuletea samoni kuhukumu kesi ya mwatiko. Samoni hurudi mto aliozaliwa. Ndiyo maana kila mto una ukoo wake, na mgeni akiingia anaonekana. Mwatiko hana mto. Umesema mwenyewe mayai yake yanabebwa na mkondo. Ukoo utaharibika vipi ikiwa hakuna ukoo wa mahali?

La pili, mwatiko hakomai bwawani. Mimi namvua akiwa na miezi minane, tisa. Ili azae anahitaji kama miaka mitano na bahari ya wazi. Wakinitoroka mia mbili, wangapi watafika huko?

La tatu, mbona husemi lolote kuhusu chandarua chako? Unapokokota kuokota mwatiko unanasa na watoto wa kamba, wa tasi, wa mkizi, na wengi wanafia mchangani. Kila kifaranga kinachotoka kituo cha kutotolesha kinapunguza mkokoto mmoja. Hata hao perege tuliokuwa tukitishwa nao, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu maji ya Pangani ulikuta machotara wa sato, yule perege mgeni aliyeletwa, na perege wa asili, lakini wachache. Watoto wetu wanataka ada mwezi Januari. Tusizuie mbegu kwa sababu ya hofu.

*Mvuvi wa Kilwa anaongeza:*

Mimi si msomi. Ninachojua ni kwamba mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipita, na penye tuta la bwawa pakawa hapana tuta. Tusihesabu wanaotoroka mmoja mmoja.

*Mleta mada:*

Mfugaji, la kwanza umenishinda nusu. Samoni ana mto wake na mwatiko hana, kwa hiyo madhara yakija kwetu hayatakuja kwa sura ile ya Norwei. Nakubali. Lakini heringi naye hana mto, hapandi mto kwenda kutaga, na bado ana jicho la Baltiki. Kukosa mto si kukosa mahali.

Kuhusu mia mbili wanaotoroka, rudi kwenye kanuni ile ya mgeni mmoja kila kizazi, kwa sababu inakata pande zote mbili. Kama wachache wanatosha kuziunganisha jamii mbili, basi wachache wanatosha kuingiza damu. Utasema bahari itawachuja wasiofaa. Itawachuja, ndiyo, na gharama ya kuchuja huko ni zile asilimia 70 za Ireland. Na mzee wa Kilwa amesema kweli kuliko sisi wote. Bwawa langu la kwanza lilikuwa nyuma ya mikoko, na usiku mmoja wa masika maji ya mto yalikutana na bamvua. Asubuhi mlango wa maji ulikuwa umesimama peke yake, kulia na kushoto hakuna udongo. Hakubaki samaki hata mmoja. Siku ile sikuumia sana, kwa kuwa niliwaokota kutoka bahari hiyo hiyo, walirudi kwao. Wangekuwa wameletwa kwa ndege ningelala vipi?

La chandarua sina utetezi. Ni kweli, tunaua. Ndiyo maana nataka vituo.

Ila kuna jambo hujaligusa, nalo linanitisha hata kuliko ugeni. Mama mmoja wa mwatiko anaweza kutaga mayai mamilioni kwa msimu. Maana yake mama watano tu wanaweza kujaza mabwawa yote kutoka Moa hadi Msimbati, na kila bwawa likawa la ndugu wa tumbo moja. Ukija kuchagua wazazi wapya humo, unaozesha kaka na dada. Hili linatupata hata tukitumia samaki wa hapa hapa, kama kituo kitabana gharama na kufuga wazazi wachache. Wataalamu wa uzazi wa wanyama huanzia wazazi hamsini wanaozaa kweli, madume na majike sawa, ili kuzaana ndani kwa ndani kusizidi asilimia moja kwa kizazi. Hamsini wa kilo kadhaa kila mmoja ni matangi makubwa na chakula kingi. Hapo ndipo fedha ya ruzuku iende, badala ya tiketi za ndege.

Na perege wa Pangani tuwafurahie, lakini tukumbuke ngege, perege wa asili wa Ziwa Victoria. Sato aliingizwa pale miaka ya 1950, sangara naye, na leo anayemtaka ngege anamtafuta kwenye vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli.

Tukubaliane walau kwa hili: kabla mfuko wowote haujafunguliwa, tuweke kumbukumbu ya mwatiko tulionao sasa. Kipande cha pezi kama punje ya mchele, ndani ya kichupa cha spiriti, tarehe na jina la mahali vimeandikwa kwa penseli. Kalamu ya wino spiriti inaifuta. Mimi nina vichupa arobaini. Bamvua lijalo naanza Mkuranga kwako, kama utanikaribisha. Mzee wa Kilwa, kwako nije lini?