Moto mtaani: 112, 114 au 115 unapiga ipi, na kwa nini gari la zimamoto linaishiwa maji mapema?

Mama Shadya wa Mbagala
Habari za jioni wakuu. Naombeni mnieleweshe maana tangu Jumanne usingizi sina. Usiku ule nyumba ya jirani yangu huku kwa Mangaya iliwaka, vyumba sita vya wapangaji, moto ulianzia chumba cha pili kwenye ekstensheni mtu kachomeka friji na jiko la umeme pamoja, tunamshukuru Mungu watu wote walitoka wazima ila vitu vimeteketea, kuna binti alikuwa na cherehani mbili ndo mtaji wake wote, zimebaki vyuma.

Nilivyoona moshi nikashika simu mikono inatetemeka, nikapiga 112, wakapokea wakaniambia moto piga 114, nikapiga. Nikaulizwa uko wapi nikasema Mbagala kwa Mangaya karibu na msikiti, nikakata nikakimbilia ndoo. Sasa misikiti huku siyo mmoja. Tukawa tunasikia king'ora kinazunguka mtaa wa juu kinaenda kinarudi na sisi tunapiga mayowe kama watasikia. Gari lilipopata njia, kwenye kona kuna Fuso la tofali limelala hapo na dereva wake hajulikani alipo. Askari wakashuka wakavuta mipira kwa miguu wakaanza kumwaga, dakika chache tu maji yakakata. Hapo ndo vijana wakaanza "wamekuja bila maji hawa!" mpaka mmoja kaokota jiwe, wazee wakamkamata mkono. Mimi maji niliyaona kwa macho yangu yakitoka, kwa hiyo bila maji siyo kweli. Lakini yaliisha haraka mno.

Naomba kujua, kwa nini yanaisha hivyo? Na namba ipi ni ya nini, na nilikosea wapi? Maana moyoni naona ile kukata simu mapema ndo imemgharimu yule binti.

Mzee wa Pampu
Pole sana mwanangu na wape pole majirani. Nimefanya kazi ya kuzima moto miaka mingi hapa Dar, tangu enzi zile vikosi vya faya viko chini ya halmashauri, kabla ya sheria ya 2007 iliyotufanya jeshi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sasa nimestaafu. Hilo neno la "wamekuja bila maji" nimelisikia mpaka nikawa naliota, na mawe nimeyala.

Ngoja nikupigie hesabu. Gari nililokuwa nasimamia pampu yake lilikuwa linabeba lita 5,000. Kwa mtu wa ndoo hizo ni nyingi mno, ndoo 250 za lita ishirini. Lakini ukifungua mipira miwili na kila mmoja unatoa kama lita 400 kwa dakika, unamaliza lita 800 kila dakika, kwa hiyo dakika sita na kidogo tangi limekauka. Ndo maana wakija hawafungui ovyo, kiongozi wa kikosi anaangalia kwanza moto uko wapi, unaelekea wapi, nyumba ipi bado inaokoleka. Nyie mnaona wamesimama wanashangaa, mnaanza kutukana, kumbe yule anaangalia zile dakika sita azitumie wapi. Mara nyingi nyumba iliyoshika kote inaachwa, maji yanapigwa ukuta wa jirani ili moto usivuke. Inauma kwa mwenye nyumba, najua, nimewahi kushikwa shati na mama mmoja analia kwa nini namwagia nyumba isiyoungua.

Baada ya tangi kuisha kinachotakiwa ni boza la kuongezea au haidranti, zile bomba nyekundu za pembeni ya barabara. Mjini kati zipo ila nyingine zimefukiwa na lami, nyingine mtu kaweka kibanda juu. Huko kwenye makazi yaliyojengwa bila mpango unaweza kutafuta usione hata moja. Kwa hiyo gari linaondoka kwenda kujaza na wananchi wanaona limekimbia.

Halafu lile Fuso. Mpira mmoja una urefu wa mita ishirini hadi thelathini. Gari likisimama mita 200 kutoka kwenye moto unaunga mipira nane, tisa, na kila unapounga msukumo unapungua, ukifika mwisho maji yanatoka yamechoka. Dereva wa Fuso wala hajui amefanya nini usiku ule.

Na umeme! Kabla mtu hajamwaga maji kwenye nyumba yenye umeme lazima ukatwe. Mkiweza zimeni meni swichi kabla hatujafika, kama haifikiki kwa moto basi pigieni TANESCO wakate huko nje, msiguse waya ulioanguka.

Simu sasa. Wewe hukukosea kupiga, umekosea kukata tu. Anayepokea 114 bado anataka kukuuliza: kinachoungua ni nini, kuna mtu ndani, kuna mitungi ya gesi, njia gari kubwa linapita? Akiambiwa kuna dumu za petroli ndani ataagiza gari lenye dawa ya povu, maji matupu kwenye petroli yanausambaza moto. Subiri akwambie yeye kata.

Dereva wa Mkonga
Shikamoo mzee, umenena. Mimi naendesha gari la wagonjwa, Land Cruiser mkonga, niongezee upande wangu.

Dada, 112 ni polisi. 114 zimamoto na uokoaji, na uokoaji siyo moto tu, mtu kadumbukia kisimani, mtoto kanasa kwenye geti, gari limembana mtu, jengo limeanguka kama lile la Kariakoo la tarehe 16 Novemba 2024, hao hao ndo wanaokuja. 115 ndo watu wengi hawaielewi, hiyo ni ya mpango wa m-mama, ya mjamzito aliyepata dharura, mama aliyetoka kujifungua na mtoto mchanga. Unapiga bure, anapokea mtu wa afya anakuuliza dalili, akiona ni dharura anatafuta gari, na kama ambulensi iko mbali wana madereva wa kawaida wa mtaani waliosajiliwa ambao wanalipwa na mpango wenyewe siyo na mgonjwa. Mama zetu wengi wanapanda bodaboda uchungu umekaa vibaya damu zinatoka kwa sababu tu hakuna aliyewaambia hiyo namba, inaniumiza sana hii, kila kliniki ingekuwa inaandikwa kwenye jalada la kadi.

Lingine ni barabarani. Ukisikia king'ora nyuma yako usifunge breki katikati ya njia ukaanza kushangaa kwenye kioo, washa indiketa sogea kushoto, simama. Na nyie wa bodaboda na Noah mnaojipachika nyuma ya ambulensi ili mpenye foleni, mkifanya hivo nikifunga breki ghafla mnaingia kwenye mlango wa nyuma alipolala mgonjwa, na wale waliosogea kunipisha wakirudi barabarani wanakutana na nyie. Kuna siku natoka Gongo la Mboto nina mgonjwa wa oksijeni, mtungi unasoma kidogo, pale Tazara foleni imekaza, nikamuona konda wa daladala kashuka mwenyewe kwa miguu anagonga magari moja moja "pisha mgonjwa, pisha mgonjwa" mpaka nikatoka. Simjui jina mpaka leo, namuombea tu.

Kijana wa Tandika
Mi naheshimu maelezo ya mzee lakini tusiishie kulaumu Fuso. Mkoa wa Dar ulikuwa na watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, ukiangalia Mbagala, Chanika, Goba, Bunju watu wamehamia huko kwa maelfu na barabara zenyewe mnazijua. Vituo na magari vinatakiwa viwafuate watu walipo. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021 katikati kabisa ya mji, sasa sisi wa pembezoni je? Hata boza moja likae kila kata usiku, tayari limejaa. Hilo siyo la mwananchi na ndoo yake, hilo ni la bajeti na wabunge wetu walibebe.

Mzee wa Pampu
Kijana wangu hapo nakuunga mkono mia kwa mia, wala sikatai. Askari wenyewe wangeshukuru kuliko wewe.

Mjumbe wa Keko
Naomba nichangie kidogo mimi ni mjumbe wa shina. Ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 iliyotuwekea namba kwenye nyumba na vibao vya mitaa watu waliona ni mapambo. Sisi kwetu tulipopata moto wa jikoni mwaka jana aliyepiga simu alisoma jina la mtaa na namba ya nyumba, akataja na alama kubwa ya barabarani. Siyo "karibu na msikiti" wala "kwa mama nani", unataja kitu ambacho mtu wa nje ya mtaa anakiona usiku, sheli, shule, mnara wa simu. Halafu tukatuma vijana wawili na bodaboda wakasimame barabara kuu na tochi ya simu, gari lilipotokea wakalitangulia mpaka mlangoni. Huku nyuma wengine wanasukuma bajaji na meza za chipsi zitoke njiani.

Kitu kingine tulichofanya ni kumzuia kila mtu asiyekuwa na kazi. Watu wanafurika kupiga video, wengine wanaingia kuokoa tivii, wengine kuiba. Likiwa lori la mafuta ndo kabisa, mmesahau Msamvu Morogoro Agosti 2019, walikufa watu zaidi ya 100 wamekwenda kuchota petroli.

Mama Shadya wa Mbagala
Mzee shikamoo, na wote ahsanteni. Nimesoma nikalia kidogo halafu nikaenda kuangalia kibao cha nyumba yangu, kumbe namba ipo, imefunikwa na kapeti nililoanika, miaka yote hiyo sijawahi kuisoma. Nimeiandika kwa maka pen ukutani juu ya swichi na 114 chini yake, na watoto nimewakaririsha.

Mwenye Fuso nimempata, ni kijana mstaarabu tu, alinyamaza muda mrefu akasema atalilaza kwenye uwanja wa shule akiruhusiwa, tunamwona mwenyekiti wa mtaa Jumamosi. Na tunamchangia yule binti angalau cherehani moja ya mtumba, majirani wameshaanza kutoa.

Mzee swali la mwisho. Baba mwenye nyumba ana mtungi mwekundu wa kuzimia moto, upo stoo miaka na miaka, mshale wake umeangukia kwenye rangi nyekundu. Bado unafaa? Na unatumikaje, maana siku ile hakuna aliyeukumbuka.

Mzee wa Pampu
Marahaba mwanangu. Mshale ukiwa kwenye kijani una nguvu, ukiangukia nyekundu upande wa chini presha imeondoka, upelekeni ukajazwe na kukaguliwa. Hata ukiwa kijani kila baada ya muda ugeuzeni juu chini mara kadhaa, ule unga wa ndani ukikaa sana unagandiana. Utoeni stoo uning'inizwe karibu na mlango wa kutokea, siyo juu ya jiko, maana jiko likiwaka hamtaufikia.

Kutumia: vuta pini, simama mlango uko nyuma yako, elekeza kwenye shina la moto siyo kwenye ndimi za juu, bana, uwe unafagia kushoto kulia. Wa kilo 6 unaisha kama sekunde ishirini hivi, usiumalizie kwenye moshi. Ukiisha na moto bado upo usirudi ndani, tokeni, fungeni mlango, 114.

Na kuhusu yule binti, usiilaumu simu yako. Chumba chenye godoro na mapazia kikishika moto kinaisha kabla gari lolote halijafika, hata kama kituo kingekuwa hapo Zakhem, huko huko Mbagala.