Mabomu ya kutegwa ardhini: marufuku inasimama vita ikibisha hodi?

Kijiwe_Sheria

Wakuu, salaam. Kila mada ya vita ikiletwa huku, haipiti muda mtu anaandika "vita si lelemama, kule hakuna maadili," na mjadala unafia hapo. Leo tuchukue silaha moja tu, tuibane mpaka iseme.

Mkataba wa Ottawa wa 1997 unakataza mabomu ya kutegea watu: kuyatumia, kuyatengeneza, kuyalimbikiza na kuyahamisha. Ulianza kufanya kazi 1 Machi 1999. Mwanachama anapewa miaka 4 ya kuteketeza akiba yake na miaka 10 ya kusafisha ardhi. Zaidi ya nchi 160 ziliingia, na mabomu zaidi ya milioni 55 yaliteketezwa. Kisha ukaja 2025: Lithuania, Latvia, Estonia, Finland na Poland, zote zenye mpaka na Urusi, zikapeleka barua za kujitoa. Ukraine, iliyomo vitani, ikatangaza kusimamisha utekelezaji.

Sihitaji kuambiwa kwamba silaha hii ni mbaya. Ninachouliza ni hiki: kanuni iliyowekwa kwa sababu za kimaadili, kisha ikaachwa adui aliposogea, ilikuwa inazuia kitu, au lilikuwa pambo la wakati wa amani? Karibuni, ila tuje na vipimo.

Mzinga_Baridi

Mkuu, jibu liko ndani ya swali lako. Nchi hizo hazikuandika barua kwa kuchukia watoto. Finland ina mpaka wa kilomita 1,340 hivi na Urusi, na Urusi haimo kwenye mkataba. Marekani, China, India na Pakistan nazo hazimo. Finland ilijiunga 2012, ikateketeza mabomu zaidi ya milioni moja na kumaliza 2015. Miaka saba baadaye ikaiona Ukraine inavyovamiwa.

Tuwe wakweli pia kuhusu kazi ya bomu la kutegea watu. Wengi wanadhani limewekwa liue tu. Kazi yake kubwa uwanjani ni kulilinda bomu jingine. Chukua TM-62 ya kuzuia vifaru, yenye kilo 7 na ushei za baruti. Mtu akiikanyaga kwa kawaida hailipuki, inangoja uzito wa gari. Maana yake usiku mafundi wawili wa adui wanaweza kutambaa, wakaifukua kwa mikono na kuiweka pembeni. Izungushie vibomu vidogo vya kutegea watu, hao mafundi hawatambai tena. Wanabaki na njia ya kelele: kamba ya baruti inayovutwa na roketi, kama M58 ya Wamarekani, ambayo ikilipuka inafungua kichochoro cha mita 8 kwa 100. Ukishairusha, kila mwenye mzinga amejua utapita wapi. Zaporizhzhia, kusini mwa Ukraine, 2023 magari ya Ukraine yalijipanga kwenye vichochoro vya namna hiyo yakapigwa moja baada ya jingine.

Sasa mwambie mwenye jeshi dogo aiache silaha hii kwa ajili ya maadili, wakati jirani yake anaimwaga kwa roketi na helikopta.

Mwana_wa_Bandarini

Kanuni za vita hazikuanzia Geneva. Wasia wa Sayyidna Abubakar, khalifa wa kwanza, kwa kamanda wake Yazid bin Abi Sufyan, jeshi lilipokuwa linatoka kwenda Sham (Syria na jirani zake), unasomeshwa madrasa nyingi: usiue mwanamke, mtoto wala mzee, usikate mti wenye matunda, usibomoe makazi, usichinje kondoo wala ngamia ila kwa kula.

Tazameni ulivyojengwa. Haumwambii askari awe mwema vitani. Unamtajia mti, kondoo, mzee. Jioni kamanda anaweza kuzunguka na kukagua: mti umekatwa au haukukatwa? Na ulitolewa watu wakiwa bado hawajaondoka, kabla damu haijachemka.

Bomu la ardhini huwezi kulisomea wasia huo. Linakaa pale miaka arobaini na halijui anayekuja ni nani.

Kijiwe_Sheria

Shehe umeniwahi, maana hapo ndipo penye kiini cha Ibara ya 2. Mkataba haukukataza kila kitu kilipukacho. Unakataza kile kilichoundwa kilipuke kwa mtu kukikaribia, kuwepo au kukigusa. Bomu la Claymore la Marekani lina gololi za chuma 700 na baruti gramu 680, hatari kuliko mengi yaliyokatazwa. Lakini ukilitumia kwa waya, askari amekaa na kibonyezo mkononi anaangalia anayepita, unaruhusiwa. Bomu hilo hilo ukilifungia uzi njiani umevunja mkataba. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena mtu aliyeamua. Aliyelipuliwa ndiye aliyelilipua.

Itifaki ya Kwanza ya 1977, ya Mikataba ya Geneva, inawataka wapiganaji kila wakati watofautishe raia na askari. Silaha isiyo na anayeamua haiwezi kutofautisha. Sioni hapo mahali pa kulia wala kubembeleza, mambo ni jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi.

Na hoja ya Mzinga kuhusu faida ya kijeshi ilikwishapimwa. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa uchunguzi 1996, ukiongozwa na brigedia mstaafu, ukapitia migogoro 26 tangu 1940. Ulikuta kwamba ni mara chache mabomu haya yalitumiwa kama vitabu vya jeshi vinavyoelekeza, na faida yake ni ndogo kuliko madhara.

Mzinga_Baridi

1996 hapakuwa na droni juu ya kila handaki, mkuu. Uchunguzi ule ni wa dunia nyingine.

Halafu mnazungumza kana kwamba njia ni mbili tu, kutega ovyo au kutotega kabisa. Kuna ya tatu. Itifaki ya Pili ya Mkataba wa Silaha za Kawaida, ile iliyorekebishwa 1996, haikatazi, inaweka masharti. Bomu la kutegea watu liwe na angalau gramu 8 za chuma ili lionekane kwa kifaa. Likiwa halijiharibu lenyewe, lizungushiwe uzio, liwekewe alama na lilindwe. La kurushwa kutoka mbali lijilipue: katika kila 100 yasizidi 10 yaliyoshindwa ndani ya siku 30, na kwa kuwa betri inakufa, siku ya 120 katika kila 1,000 lisizidi moja linaloweza kulipuka.

Tena angalieni visiwa vya Falkland. Mabomu zaidi ya 10,000 yalitegwa vita ya 1982, kisha yakazungushiwa uzio. Visiwa vikatangazwa safi 2020. Miaka yote hiyo hakuna raia aliyeuawa. Hayo ndiyo maadili yanayoweza kuishi na vita.

Panya_Buku_Moro

Mzinga, mfano wa Falkland umeuchagua vizuri mno. Wakazi elfu chache, kondoo wengi, ardhi wasiyoihitaji, serikali tajiri ya kukagua uzio, na pengwini wepesi kiasi kwamba hawalipui kitu. Hata hivyo, pamoja na kuwepo ramani za Waargentina, mchanga wa fukwe ulihamisha mabomu, kazi ikaanza 2009 na kuchukua miaka 11. Waliotegua wengi ni Wazimbabwe, maana ujuzi huo kwao ulikuwepo kwa shida za nyumbani. Sasa hamishia uzio huo kijiji cha wakulima wa mihogo. Waya na nguzo ni mali. Mwezi haujaisha vimeshakuwa zizi la mbuzi.

Nije kwenye masharti yako ya gramu na asilimia. Kwenye karatasi yanapendeza. Ardhini yanakwama hivi.

Siku ya 120 umesema limebaki moja kwenye 1,000. Lipi? Lililokufa betri na lililo hai yanafanana kwa sura na kwa mlio wa kifaa. Mteguaji hawezi kusema haya 999 nayaruka. Anayashika yote 1,000 kama yako hai. Kwa mkulima, shamba ni la kufa mpaka la mwisho litoke. Kujizima kunapunguza vifo, sikatai, lakini hakupunguzi kazi hata siku moja.

Gramu 8 za chuma nazo hazisaidii kwa yaliyokwisha kutegwa zamani. M14 ya Marekani ina baruti gramu 29 kwenye boksi la plastiki, na chuma ndani yake ni kama hakuna. Ukipandisha usikivu wa kifaa ili kiione, kinaanza kulia kwa kila msumari, kizibo cha soda na ganda la risasi. Kwa kila mlio mteguaji anapiga magoti na kuchokoa udongo kwa sindano ndefu, ameilaza kama nyuzi 30, ili ikute ubavu wa bomu isije ikabonyeza juu. Milio mingi ni takataka, na hakuna mlio wa kuruka. Hapo ndipo siku zinapoisha.

Ndiyo maana panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walipata kazi. Panya ananusa baruti na hana habari na msumari. Watu wawili wanasimama kwenye njia zilizokwisha kusafishwa, kamba imenyooshwa kati yao, panya amefungwa mkanda wa kifuani anakwenda na kurudi akifuata kamba. Akinusa baruti ya TNT anakwaruza udongo, sehemu inawekewa alama, naye anapewa kipande cha ndizi au karanga. Eneo kama uwanja wa tenisi anamaliza kwa nusu saa. Mtu na kifaa chake linaweza kumla siku nne. Magawa, aliyefunzwa hapo na kufanya kazi Cambodia, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza 2020. Ila panya naye ana mipaka: nyasi lazima zifyekwe kwanza, jua likipanda hafanyi kazi, na alipokwaruza bado binadamu lazima apige magoti.

Msumbiji vita viliisha 1992. Nchi ilitangazwa safi Septemba 2015. Miaka 23, na hao walisaidiwa na karibu kila shirika la kutegua mabomu unalolijua.

Dada_Mizani

Nimewasoma nyote. Mnabishana kama bomu ni baya, wakati mleta mada ameuliza kama kanuni inazuia. Mimi sina imani, na sababu zangu hizi hapa.

Gesi ya sumu ilikatazwa na Itifaki ya Geneva ya 1925. Italia ilikuwa imeridhia, na Ethiopia imo pia. 1935 na 1936 ndege za Italia zikamwaga gesi ya haradali juu ya Wahabeshi. Miaka michache baadaye, Ulaya nzima ikiwaka moto, majeshi makubwa yenye maghala ya gesi hayakupigana kwa gesi. Kanuni ilikuwa ile ile. Ulaya kila mmoja alijua atarudishiwa. Ethiopia haikuwa na cha kurudisha. Sasa kilichozuia ni maadili au hofu?

La pili, Ukraine ni mwanachama. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti Januari 2023 kwamba vibomu vya PFM-1, vile vyepesi vyenye umbo la kipepeo ambavyo mtoto anavidhania toy, vilirushwa mji wa Izium, mashariki mwa Ukraine, eneo likiwa mikononi mwa Warusi, na dalili zikaelekea kwa majeshi ya Ukraine. Nchi ilikuwa imebakiwa na akiba ya mamilioni, muda wa kuteketeza ulikwishapita zamani.

La tatu liko jirani. Wanaotega vilipuzi kwenye barabara za Lamu, Garissa na Mandera hawajasaini kitu.

Kijiwe_Sheria

La tatu nalijibu kwanza. Vikundi visivyo serikali havina nafasi ya kusaini Ottawa, ndiyo, lakini tangu 2000 shirika la Geneva Call linavipa hati yao. SPLM/A, waasi wa kusini mwa Sudan, walitia saini 2001, wakiwa msituni. Hiyo ikaondoa kisingizio cha Khartoum, yaani serikali ya Sudan, kwamba haiwezi kuacha mabomu adui akiyatega, na Sudan ikaridhia 2003. Al-Shabaab hawamo, na sidhani watakuwemo.

La pili linanisaidia mimi. Umesema mwenyewe: vibomu vilikuwepo ghalani kwa sababu havikuteketezwa kwa wakati. Finland, ambayo iliteketeza, ilipojitoa haikuwa na akiba ya kutega vitani. Ilibidi ianze upya: ichore, itengeneze, ifunze watu waliokwisha kuisahau kazi. Kanuni ilizuia pale ghalani na kiwandani, wakati ambapo hakuna aliyekuwa anakimbizwa. Mimi sitegemei askari aliye handakini saa nane usiku aanze kupima uwiano wa madhara na faida. Nataka asikikute kifaa hicho kwenye sanduku.

Ibara ya 20 nayo imeliona hili. Kujitoa kunachukua miezi 6, na nchi ikiwa vitani miezi hiyo ikiisha, haijatoka mpaka vita viishe. Ndiyo maana Ukraine haikuweza kutoka, ikaandika "kusimamisha," neno ambalo mkataba hauna.

Mzinga_Baridi

Kwa hiyo unakubali kwamba kanuni yako inafanya kazi kwa kumnyang'anya mtu silaha kabla hajajua kama ataihitaji. Na anayenyang'anywa ni yule tu aliye mwaminifu. Hilo wewe unaliita ushindi, jenerali wa Tallinn, kule Estonia, analiita deni.

Panya_Buku_Moro

Norway nayo imepakana na Urusi, imebaki ndani.

Mzinga_Baridi

Kilomita 198, kaskazini kabisa, na Finland imeziba sehemu iliyobaki. Ningekuwa Norway ningebaki pia.

Dada_Mizani

Hapo Mzinga amenipata. Ila naye ana deni lake. Mwaka 2023 waliouawa au kujeruhiwa na mabomu ya ardhini na mabaki ya vilipuzi waliohesabiwa ni 5,757, na pale ilipojulikana mtu ni raia au askari, asilimia 84 walikuwa raia. Hesabu hiyo jenerali wa Tallinn anaiweka kwenye safu gani ya daftari? Maana atakayelima pale mpakani baadaye ni raia wake mwenyewe. Bomu la kujihami hutegwa upande wako wa uzio.

Mzinga_Baridi

Anaiweka pale pale anapoweka hesabu ya raia wake watakaokuwa chini ya utawala wa adui asipotega. Lakini sawa, sharti moja nalikubali bila kubishana: asitege bomu hata moja kabla ramani yake haijachorwa nakala tatu, na moja ikakaa nje ya jeshi.

Panya_Buku_Moro

Itasaidia, mpaka mto upande. Bwawa la Kakhovka, Ukraine, lilipovunjika Juni 2023, ramani za mashamba ya mabomu chini yake ziligeuka karatasi tu. Mabomu yalikwenda na maji.