Eti vidole vya mama yangu ni vya nani?

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye benchi la nje ya hospitali, na mama yangu ameshika kadi yake ya bima kama mtu aliyenyimwa chenji. Yule bwana wa dirishani mnamjua, maana hakuna mgonjwa wa mji huu asiyeujua utosi wake akiwa ameinamia simu. Mama ana miaka 71, na zaidi ya 50 kati ya hiyo ameshika jembe. Mashine ilikataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, ikakataa vyote kumi, nikabaki nasubiri waombe vya miguuni. Ndipo yule bwana, bila kuinua uso, akauliza: “Bibi, hivi vidole ni vya nani?”

Vya nani! Ameviazima kwa jirani? Bunge letu la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, nami nikadhani hao wote ni pamoja na waliochakaa vidole kwa kulima. Daktari tulikuwa tunamwona, mlango wake u wazi, lakini tuliambiwa tulipe taslimu au turudi Jumatatu. Vidole ni vya nani, jamani!

Mtu wa Pwani: Pole kwa mama. Mimi aliniambia picha ya kadi imenenepa kuliko mimi, ilhali nilikuwa nimekonda kwa ugonjwa ulionipeleka kwake.

Kibuyu: Mkuu, ungemlipia mzazi taslimu kwanza, hasira ukaja kuzimwaga humu baadaye. Bando la kuandika uzi umelipata wapi?

Mleta uzi: Nililipa, Kibuyu. Ila aliuliza vidole ni vya nani!

Mama Wawili: Afadhali wewe una kadi ya kukataliwa. Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ikasitishwa 2023 nikiwa na mimba ya miezi minane.

Jirani wa Namanga: Huku Kenya, tangu Oktoba 2024 nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya, na juzi nimeambiwa mfumo umelala.

Kibuyu: Wenu umelala tu? Wetu hata hauoti ndoto.

Mama Wawili: Jirani, na mjamzito huko analipiwa kujifungua, au naye anasubiri mfumo uamke?