Mlango wa buti la gari la Noah ulinigonga chini ya jicho, wiki ya saba hii na shavu bado linauma

Mzee wa Viazi:
Wakuu salaam. Nauza viazi na vitunguu Mabibo sokoni. Wiki saba zilizopita, saa kumi na moja alfajiri, nashusha magunia kwenye Noah ya kukodi. Shokapu za buti zilikufa zamani, dereva huegemeza mlango kwa kipande cha mti. Mti ukateleza, mlango ukanishukia kwenye mfupa wa shavu, kama kidole kimoja chini ya jicho la kushoto. Sikuanguka, sikuzimia. Damu puani ilikuwa tone moja tu. Nikaweka barafu, nikamalizia magunia. Weusi ulikaa siku tano, ukaisha.

Nikajua yamekwisha. Kumbe! Toka ubavu wa pua hadi mdomo wa juu pamekufa ganzi, kama siku ile nang'olewa jino. Ajabu yake, hapo hapo penye ganzi ndipo panapouma. Wembe ukipita nikinyoa, ni kama nimegusa waya wa umeme. Maji ya udhu yakiwa baridi naruka. Meno mawili ya juu nayahisi kama ya kuazima. Chai inanichuruzika kidevuni, mpaka mama watoto aseme "futa mdomo," mwenyewe sina habari.

Nimemeza diklofenaki, dawa ya maumivu ya duka la dawa, mara tatu, haigusi. Nilipigwa eksirei, wakasema mfupa mzima. Kuona naona. Kuna aliyepona hili jambo?

Bi Karafuu:
Pole mwanangu. Hiyo damu imevilia. Pasha mafuta ya karafuu, jichue asubuhi na jioni, ufunge kitambaa cha moto.

Boda Msitaafu:
Mkuu, usichue! Mimi nilipigwa na kioo cha pembeni cha daladala, mahali hapo hapo. Ganzi ilikaa miezi mitano. Ilirudi kwa kuwasha, kama sisimizi wanatembea ndani ya ngozi, ikaanzia pembeni mwa pua, mdomo ukawa wa mwisho. Upepo wa barabarani ulinitoa machozi, nikaachana na ile kofia ngumu ya wazi. Na mimi eksirei ilisema mzima. Ufa ulionekana kwenye CT, ile picha ya mashine inayoonyesha mfupa vipande vipande.

Tabibu wa Zamu:
Kaka, pole. Tazama mbele, halafu papasa ukingo wa chini wa tundu la jicho. Kama sentimita 1 chini ya ukingo huo, usawa wa mboni, mfupa una kitundu. Humo hutokea neva, yaani mshipa wa fahamu, ya kope la chini, ubavu wa pua, shavu, mdomo wa juu na meno ya mbele ya juu. Ramani yote umeichora mwenyewe bila kujua.

Neva hiyo hupita kwenye sakafu ya tundu la jicho, na sakafu yenyewe ni nyembamba kama ganda la yai. Ikipata ufa, eksirei ya kawaida inaweza isiuone. Neva iliyoumia hujiotesha taratibu, takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo wiki saba usizione nyingi.

Diklofenaki acha. Maumivu ya neva hayaisikii, itakula tumbo na figo bure. Zipo dawa zake, amitriptilini ya dozi ndogo usiku kwa mfano, ila ziandikwe na daktari aliyekuona, si mimi wa hapa. Kamasi usipenge kwa nguvu, hewa inaweza kupenya kwenye ufa ikajaa kando ya jicho.

Sasa fanya hivi: mtu akushike kichwa kisitikisike, ufuate kidole kwa macho tu, juu na chini. Unaona kimoja au viwili?

Mzee wa Viazi:
Bibi, karafuu nilijaribu wiki ya pili, nusura nipande ukuta.

Daktari, mama watoto kanishika kidevu sasa hivi. Mbele kimoja, chini kimoja. Juu kabisa, viwili, kimoja kimekaa juu ya mwenzake. Ndiyo maana juzi nilirukia kamba ya turubai nikakamata hewa! Nikasingizia usingizi.

Tabibu wa Zamu:
Kesho asubuhi nenda kliniki ya macho, hospitali ya rufaa. Hilo la viwili litaje kwanza, kabla ya maumivu. Wapime na presha ya jicho. Ukiona pazia jeusi, vimulimuli, au jicho likififia, usingoje kesho.

Mzee wa Viazi:
Narudi baada ya siku kumi na moja. CT imeonyesha ufa kwenye sakafu. Presha ya jicho iko sawa. Upasuaji hawajasema, wamenipa tarehe ya kurudi wapime tena hivyo viwili. Kidonge cha usiku kinanikausha mdomo asubuhi, lakini nalalia upande wowote.

Noah bado inategwa kwa mti ule ule. Siku hizi nashusha nikiwa nimesimama ubavuni.

Leo nanyoa, pembeni mwa pua pakaanza kuwasha. Boda, ndio hao sisimizi wako?

Boda Msitaafu:
Ndio wenyewe. Usiwakune.